Moto Nje, Joto Ndani: Safari ya Maine



Katika jamaa nyingi za kambi zetu kuna mtoto mmoja aliyekwenda Bulaya. Siku za kwanza simu inalia kila juma. Kisha inalia kila mwezi. Kisha watu wa nyumbani wanaanza kusema: "Yule alitusahau. Anakula dola peke yake." Hata kwetu ilikuwa hivyo. Mdogo wangu wa tumbo moja anakaa Marekani tangu mwaka 2011, katika jimbo la Maine. Miaka mingi alimtumia mama yetu wa Likasi kitu kidogo kila mwisho wa mwezi. Lakini mwaka 2022, tangu mwezi wa tatu, hakutuma hata franka moja. Alisema tu kwa simu: "Yaya, univumilie. Niko natengeneza moto."

Mama alilia. "Moto gani huo unaokula pesa ya dawa yangu?" Na mimi, hata kama ni pasta, nilikasirika.

Mwezi wa kumi wa mwaka ule kanisa moja la Marekani lilinialika, nami nikapata siku 12 za kukaa kwa mdogo wangu. Nilibeba Biblia yangu, vitenge viwili vya shemeji, na neno moja kali nililolipanga njiani kote, toka Luano mpaka Addis Ababa na mpaka ng'ambo ya bahari. Neno lile sikulisema. Nataka kukuambia kwa nini.

Inchi ya miti na baridi

Kutoka mji wa Boston ni karibu masaa mawili na nusu kwa gari kwenda kaskazini mpaka Lewiston. Ni mji wa viwanda vya zamani, majengo marefu ya matofali mekundu kando ya mto Androscoggin. Zamani walifuma nguo humo. Wafanyakazi wengi walitoka Quebec, inchi ya Kanada, nao walisema Kifaransa, na mpaka leo wazee wengine wanakisema. Siku hizi viwanda vingi vimefunga, na katika barabara zilezile unasikia Kisomali, Kilingala, na Kiswahili chetu. Wakongomani wengi wamefika Maine. Mwaka 2019, mwezi wa sita, mamia ya watu, wengi wao wa Kongo na Angola, walifika mji wa Portland kwa siku chache tu, wakalazwa katika jumba la michezo juu nyumba za kuwapokea hazikutosha.

Mdogo wangu anakaa mbele ya Lewiston, mashambani, katika nyumba ya mbao aliyoinunua kwa deni la benki. Pande zote ni miti. Karibu sehemu tisa kwa kumi za Maine ni pori. Kuna mialoni, kuna miti yenye gamba jeupe linalobanduka kama karatasi, na kuna ule mti ambao utomvu wake hupikwa mpaka unakuwa asali tamu. Mwezi wa kumi majani yanageuka mekundu na ya manjano kabla ya kuanguka. Nilisimama nikatazama kama mtoto.

Lakini kitu kimoja kilinishangaza zaidi. Ndani ya pori niliona kuta ndefu za mawe, zimepangwa kwa mikono, zikikata katikati ya miti mikubwa. Nikauliza. Kumbe zamani pale palikuwa mashamba. Wakulima walikata pori lote, wakang'oa mawe na kuyapanga mipakani. Baadaye wengi wakahama kutafuta udongo bora au kazi za mjini, na miti ikarudi yenyewe. Nikafikiri pori letu la Katanga, ambalo makala inalisogeza mbali na mji kila mwaka. Pori linaweza kurudi, ikiwa linapewa nafasi.

Hesabu ya mazutu

Usiku wa kwanza nililala na koti. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Mdogo wangu akacheka: "Yaya, hii si baridi. Baridi inakuja mwezi wa kwanza, digrii 20 chini ya ziro. Maji yanakuwa jiwe ndani ya tiyo."

Sisi wa Likasi na Lubumbashi tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, wakati usiku unashuka chini ya digrii 10 na watoto wanakwenda masomo wakitoa moshi kinywani. Kule baridi inaweza kuua mtu nyumbani mwake. Ndiyo maana nyumba nyingi za Maine zina tanki la mazutu chini ya nyumba, na tanuru dogo linalochoma mazutu yale kupasha maji. Maji yanazunguka katika tiyo kando ya kuta na kutoa joto.

Jioni ile mdogo wangu alileta karatasi mezani. Tanki lake linaingia galoni 275, ndiyo zaidi kidogo ya litre 1,000. Kwa kipindi kimoja cha baridi anamaliza matanki matatu. Mwaka 2022 bei ya mazutu ilipanda sana, ikapita dola 5 kwa galoni. Piga hesabu wewe mwenyewe, ndugu msomaji: ni zaidi ya dola 4,000, kwa joto tu, kabla ya chakula na deni la nyumba. Mwezi wa pili tanki lilikauka, na pesa hakuna. Siku tatu watu saba walilala katika chumba kimoja na makoti mwilini, na mtoto wa mwisho akapata homa ya mapafu.

"Bantu ba ku Likasi banawaza siye tunaokota dola mu njia," alisema polepole. "Nilipata haya kumwambia mama kama watoto wangu wanalala na baridi. Njo nilinyamaza."

Neno langu kali likabaki kooni. Nilikuwa nimekuja na hukumu, lakini shauri lenyewe sikuwa nimelisikia bado.

Tanuru nyuma ya nyumba

Asubuhi akanionyesha ule "moto" wake. Nyuma ya nyumba, umbali wa hatua 25, kilisimama kijumba cha chuma chenye mlango mzito na bomba la moshi juu yake. Ukiangalia kwa haraka utasema ni choo cha mabati. Kumbe ni shodieri ya kuni. Ilikuwa imetumiwa na watu wengine, naye akainunua kwa dola 2,800. Tiyo na vifaa vingine vilikula dola 1,200. Jumla ni karibu bei ya mazutu ya mwaka mmoja.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Ndani kuna chumba cha moto, na kukizunguka chumba kile kuna maji, litre 750. Kuni zinapasha maji mpaka karibu digrii 80. Hayatakiwi kuchemka, na tanki halifungwi kabisa, lina tundu la kupumua, juu mvuke uliofungwa unaweza kupasuka kama bomu. Pompi ndogo ya umeme inasukuma maji ya moto katika tiyo iliyozikwa, mpaka chini ya nyumba. Pale yanapita katika kisanduku cha mabati membamba yaliyopangwa pamoja. Maji ya nje yanapita upande huu wa bati, maji ya nyumba yanapita upande ule. Hayachanganyiki, joto tu ndilo linavuka. Kisha maji ya nje yanarudi kwenye moto kupashwa tena.

Nilikumbuka masomo ya Biblia, ambapo sisi wanafunzi tuliwasha kuni chini ya pipa la maji lililojengewa matofali nyuma ya nyumba. Wazo ni lile lile. Ila hapa maji ya moto yanatembea chini ya udongo kupasha nyumba nzima.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kwenda ofisi ya mji kuuliza sheria: shodieri ikae mbali gani na nyumba ya jirani, na bomba liwe na urefu gani. Alikuwa amekwisha kumwaga sakafu ya beto. Kilichobaki ni mufereji, tiyo, na maji. Nikavua koti. Mtoto wa mfanyakazi wa mgodi haogopi kuchimba!

Tulichimba siku tatu. Udongo wa Maine umejaa mawe yaliyoachwa na barafu kubwa za zamani. Mashini ndogo ya kukodi ilifanya sehemu kubwa, sisi tulimaliza kwa pawa na mutalimbo, kina cha mita moja na nusu karibu, ili baridi isifike. Tiyo mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, zilikuwa zimevikwa povu nene ndani ya ngozi ya plastiki. Mzee jirani, ambaye wazazi wake walitoka Quebec kufuma nguo Lewiston, alikuja kutusaidia. Aliongea nami Kifaransa cha kwao, nami nikamjibu kwa Kifaransa cha kwetu, tukasikilizana vizuri. Alituonya jambo moja: "Musifunike mufereji kabla ya kujaza maji." Tulijaza, tukangoja. Kiungo kimoja kilikuwa kinatoa machozi. Tungekuwa tumefunika, tungechimba tena. Umeme ulifungwa na fundi mwenye ruhusa. Mwishowe tulitia ndani ya maji dawa ya kuzuia kutu.

Moto wa kwanza

Tuliwasha saa tisa za mchana, siku ya posho. Shemeji na watoto walisimama nje. Tuliomba kwa ufupi. Mdogo wangu akaweka karatasi, vijiti, kisha kuni ndogo, si kubwa. Bomba likatoa harufu ya rangi inayoungua. Halafu maji meusi yakaanza kutiririka ndani ya chumba cha moto. Mdogo wangu akashika kichwa: "Imetoboka! Dola zangu!" Mzee akacheka. Chuma kikiwa baridi, alisema, kinatoa jasho kikikutana na moshi wenye unyevu, kama chupa ya maji baridi mezani. Ngoja kipate moto, litakauka. Na kweli, kipimo kilipopita digrii 60 jasho likakoma.

Baada ya masaa matatu maji yakafika digrii 80. Tukawasha pompi. Ikaguna kama inatafuna kokoto, na vyumba vya mwisho vikabaki baridi. Hewa ilikuwa imefungwa ndani ya tiyo. Tukafungua kirobine kidogo cha juu, hewa ikatoka "fsss", kisha maji. Pompi ikanyamaza. Dakika chache, mtoto wa mwisho, yule aliyeugua, akaweka mkono ukutani na kupiga kelele: "Mama, kuko moto!" Shemeji aligeuza uso akafuta machozi kwa kitenge.

Usiku wa kosa langu

Sasa nitasema kosa, nalo ni langu. Saa nne za usiku mdogo wangu alikuwa kazini. Aliniambia niongeze kuni kidogo tu. Mimi nikawaza: baridi ni kali, nijaze mpaka mlangoni, tulale salama. Nilichukua kuni za rundo la karibu, zile zilizokatwa mwezi wa nane, bado mbichi. Nikafunga mlango, nikalala na furaha.

Shodieri ile ina akili yake. Maji yakifika joto linalotakiwa, inafunga hewa, na moto unabaki kulala. Moto uliolala juu ya kuni mbichi hauwaki, unatoa moshi tu. Usiku ule hakukuwa na upepo. Hewa baridi ilikaa chini kama kifuniko, na moshi ukatambaa kwenye mteremko mpaka nyumba ya mama mmoja mjane.

Asubuhi aligonga mlango. Macho yalikuwa mekundu, alikohoa mbele yetu. Alisema hakulala, aliweka taulo chini ya mlango, lakini moshi uliingia. Mdogo wangu alianza kujitetea, kwamba sheria ya ofisi aliifuata yote. Nikamshika mkono. Nikasema, "Mwambie kama ni mimi niliyejaza." Akatafsiri. Nikainamisha kichwa, nikaomba msamaha. Mama yule hakucheka, hakukasirika zaidi. Alisema tu: "Nataka ninyi mpate joto. Lakini na mimi nataka kupumua."

Ndugu msomaji, sisi watu wa migodi tunalijua neno lile. Shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wa tanuru ulifuata upepo kwenda upande mmoja wa mji, mpaka nyasi na miti ikafa upande ule. Mali ilikwenda mbali, lakini moshi ulibaki na wale waliokaa chini ya upepo. Tunajua vizuri kulalamika juu ya bomba kubwa la wengine. Usiku ule bomba dogo lilikuwa letu, na aliyekaa chini ya upepo alikuwa mjane.

Tulifanya mambo manne. Kwanza, tulichagua kuni. Kuni kavu ina nyufa kwenye kichwa chake, na ukigonganisha vipande viwili vinalia. Kuni mbichi inajibu kwa sauti nzito kama udongo. Mbichi tuliipanga kando, juu ya mbao, wazi kwa upepo, ikae mpaka mwaka unaofuata. Pili, tuliongeza vipande viwili vya bomba ili moshi upite juu ya paa. Tatu, tulikubaliana kutia kuni za kutosha masaa 12 tu, asubuhi na jioni, si kujaza kwa woga. Nne, hakuna takataka, hakuna plastiki, hakuna mbao za rangi kuingia mule. Serikali ya Marekani yenyewe, mwaka 2015, iliweka sheria ya moshi kwa shodieri mpya za namna hii, ikaikaza zaidi mwaka 2020, juu malalamiko ya majirani yalikuwa mengi.

Na jioni zilizofuata, binti mkubwa wa mdogo wangu alitumwa kwa mama yule na swali moja: "Moshi umefika?" Siku ya kwanza alijibu, "Kidogo." Siku ya pili, "Hapana." Siku ya tatu binti alichelewa kurudi, juu alikuwa amekaribishwa chai.

Neno kwako

Katika Matendo ya Mitume sura ya 28 tunasoma kwamba watu wa kisiwa cha Malta waliwasha moto kwa ajili ya wageni waliolowa mvua na kushikwa na baridi. Na Paulo, mtume mkubwa, hakukaa tu akiota. Alikwenda kukusanya kuni. Naona mambo mawili pale. Mgeni akipata baridi, mpe moto kabla ya kumpa maswali. Na ukija kwa ndugu yako, okota kuni pamoja naye kabla ya kumkemea.

Nina neno lingine pia, la nyumba zetu. Miezi ya baridi ikifika, kuna jamaa wanaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Usifanye hivyo hata siku moja! Makala inayowaka inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu halali tena, anakufa. Watu wa Maine wanatumia pesa nyingi ili moto ukae nje na joto tu liingie. Sisi hatuna shodieri, lakini tunaweza kuacha mbabula nje, kupasha maji, kuyatia katika chupa iliyofungwa vizuri na kufunikwa kitambaa, na kumpa mtoto ndani ya blanketi. Moto nje, joto ndani.

Usiku wa mwisho tulimpigia mama simu. Mdogo wangu alimweleza yote: tanki lililokauka, mtoto aliyeugua, deni. Mama akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Sasa kule ku Bulaya nako banawasha kuni?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani anaamka asubuhi kuchochea?"

"Ni miye, mama. Saa kumi na moja, mbele ya kazi."

"Basi vaa kofia," akasema. "Hata ukiwa mutoto alikuwa anaumwa masikio."

Tangu mwezi wa kwanza wa 2023 pesa ya dawa ilianza kufika tena. Lakini hata kabla haijafika, mama alikuwa ameacha kulia. Kama wewe pia una ndugu mbali aliyenyamaza, mpigie leo. Usianze na pesa. Muulize kwanza kama kuni ziko.

Bwana awalinde.